Mtaka Uvungu Sharti Ainame

Asubuhi moja nililala chali chini ya kampavani yangu, van niliyoigeuza nyumba ya safari, mkononi tepu ya kupimia na kipande cha chaki, nikawa naandika namba kwenye kila kitu kilichokuwa karibu na ardhi. Tangi la maji machafu: sentimita 17. Ekzosi: 19. Boriti ya ekseli ya nyuma: 20. Ngazi ya mlango wa pembeni: 21. Nilipojikokota kutoka huko, vumbi hadi masikioni, nilikuwa nimejua jambo ambalo kama ningelijua miaka miwili kabla lingeniepusha na hasara na hatari. Gari langu halikuwa limeundwa chini mno. Lilikuwa limelemewa.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, ndivyo tulivyofundishwa. Sisi tunaolala ndani ya magari yetu tunautaka uvungu wenyewe, ile nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari, lakini wengi wetu hatuinami. Tunakwenda moja kwa moja gereji na kusema, "Fundi, nipandishie hili gari." Mimi nilifanya hivyo hivyo, na nataka nieleze kilichonipata ili wewe uanze kwa kuinama.

Nilikuwa nimekwanguliwa tumbo la gari mara tatu kwenye njia ya changarawe, ile yenye tuta katikati lililoachwa na magurudumu ya malori. Fundi niliyemwendea alinipa jibu la haraka: vipande vya chuma vya milimita 50 kati ya springi za mabamba na ekseli ya nyuma, yu-bolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ndefu zaidi, basi. Kazi ya saa mbili. Gari likasimama nyuma limejidai, nami nikaridhika kabisa.

Wiki ya tatu nilikuwa nateremka mlima mrefu, tangi la maji limejaa, watoto wamelala nyuma. Nikikanyaga breki, pua ya gari inainama kuliko kawaida. Nikasikia harufu ya breki zinazoungua, kisha pedali ikaanza kuzama. Nikarudisha gia hadi ya pili, nikasogea pembeni taratibu, nikasimama. Rimu za mbele zilikuwa hazishikiki kwa moto. Za nyuma nilizigusa kwa kiganja: vuguvugu tu. Breki za nyuma zilikuwa karibu hazifanyi kazi.

Sababu niliiona baadaye nilipochungulia. Van nyingi za zamani zina vali ya breki inayopima mzigo. Imefungwa kwenye chesisi, na mkono wake mwembamba umeunganishwa na ekseli ya nyuma. Gari likibeba mzigo, chesisi inashuka kuelekea ekseli, ule mkono unapanda, na vali inaruhusu shinikizo zaidi la breki liende nyuma. Gari likiwa tupu, vali inapunguza shinikizo ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuserereka. Sasa weka milimita 50 za chuma kati ya springi na ekseli. Ule mkono unaning'inia chini kabisa, na vali inaamini gari ni tupu siku zote, hata likiwa limebeba nyumba nzima. Karibu kazi yote ya kusimamisha inaangukia breki za mbele.

Simlaumu fundi peke yake, alifanya nilichomwomba. Lakini swali moja tu, "Hii vali tutairekebishaje?", lingetosha. Kwenye magari mapya kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya breki, na mengi hayana mkono wa aina hiyo. Hata hivyo yana vitu vingine vinavyotegemea kimo: taa zinazojipanga zenyewe, kamera na rada za mbele. Ukibadilisha kimo, vyote hivyo vinahitaji kupangwa upya.

Nilivitoa vile vyuma. Ndipo ikafika asubuhi ya chaki.

Baada ya kupima chini nilipima kitu kingine ambacho naona ndicho kipimo cha maana zaidi: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Kipimo hiki hakidanganywi na upepo wa tairi. Jirani yangu ana van ya aina hiyo hiyo, ya mizigo, ilikuwa tupu siku hiyo. Tukalinganisha. Yangu ilikuwa chini milimita 20 mbele na milimita 55 nyuma. Yaani ule uvungu niliokuwa nautafuta, kiwanda kilikuwa kimenipa, na mimi nikaujaza vitu.

Nikalipeleka gari kwenye mizani ya magari likiwa tayari kwa safari, maji yamo, vyombo vimo, watu wamo. Ekseli ya nyuma ilikuwa imebakiza kilo 40 tu kufikia kikomo kilichoandikwa kwenye kibati cha kiwandani. Hapa naomba tuzungumze bila kuoneana haya, kwa sababu naona watu wanabishana kuhusu springi wakati ugonjwa uko kwenye makabati. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni sawa na mtu mzima mnene aliyekaa hapo saa zote. Betri mbili za risasi za ampea-saa 100 zinakaribia kilo 55. Mbao za plaiwudi zinaonekana nyepesi zikiwa moja moja, ila hesabu karatasi zote ulizokata ndipo utashangaa.

Halafu kuna nyenzo, yaani nguvu inayoongezeka mzigo ukikaa mbali na ekseli. Nilikuwa na kibebeo cha baiskeli nyuma ya mlango, pamoja na baiskeli kilo 60, umbali wa mita moja na nusu nyuma ya ekseli. Kwenye gari lenye mita 3.6 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kilo 60 zilizoning'inia hapo zinaielemea ekseli ya nyuma kwa kilo 85, na zinainyanyua ya mbele kwa kilo 25. Ndiyo maana gari lilikaa kama mbwa aliyechuchumaa na usukani ukawa mwepesi kwenye upepo.

Nilihamisha tangi la maji likakaa kati ya ekseli, nikabadilisha betri kuwa za lithiamu, ambazo kwa uwezo ule ule zina uzito usiofika nusu. Kibebeo nikakiuza, baiskeli moja ikaingia ndani na nyingine ikabaki nyumbani. Ekseli ya nyuma ikapungukiwa kilo 150 hivi, na gari likapanda milimita 12 bila spana kugusa springi. Milimita zilizobaki zilikuwa deni la springi zenyewe, zilizochoka kwa miaka ya kubeba nyumba mchana na usiku. Gari la mizigo hupakuliwa jioni likapumzika, letu halipakuliwi kamwe. Hapo ndipo nilipoagiza springi mpya zilizopimwa kwa uzito halisi wa ekseli, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Springi ngumu bila shokapu inayoimudu hudundisha gari kama mpira. Na vali ile tuliipanga upya kulingana na springi mpya.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa sauti kubwa kuliko mengine yote: kabla ya kuongeza kimo, rudisha kile ulichopoteza. Kwa wengi wetu hicho kinatosha.

Wapo wasiotoshelezwa, na nawaelewa, kwa sababu njia nyingine ni mbaya kweli. Kwao nasema tazameni mnanyanyua nini. Springi, spesa (vipande vya kuongezea kimo) na vyuma vinanyanyua bodi. Ekseli ya nyuma iliyo boriti moja hainyanyuki hata nywele moja, inakaa pale pale inapobebwa na magurudumu. Kinachoipandisha ekseli ni tairi kubwa tu, na tairi kubwa hutoa nusu ya unachodhani. Mimi nilitoka tairi za 215/65 R16 nikaenda za 215/75 R16, zenye ubavu mrefu zaidi. Kipenyo kinaongezeka milimita 43, uvungu unaongezeka kama milimita 21. Spidomita sahihi ikisema 100, kwa tairi hizo unakwenda 106. Gia zote zinakuwa ndefu kidogo, mlimani gari linalegea. Na hakikisha tairi haigusi bodi usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na springi imebanwa, si gari likiwa limesimama uwanjani. Namba ya uwezo wa kubeba ubavuni mwa tairi nayo isipungue ya awali.

Pia uvungu si kimo cha katikati pekee. Van zetu zina mkia mrefu. Kama sehemu ya chini kabisa ya mkia iko mita moja nyuma ya gurudumu na sentimita 35 juu ya ardhi, gari linaweza kupanda kingo yenye mwinamo wa digrii 19 hivi kabla mkia haujagusa. Nyanyua bodi sentimita 4, unafika digrii 21. Kumbe tangi la maji machafu lililokaa huko nyuma, ukilipandisha sentimita 10 likaingia kati ya mihimili ya chesisi, linakupa zaidi ya mara mbili ya faida hiyo na halimsumbui mtu yeyote. Ndiyo kwanza nimetaja jambo la bei nafuu kuliko yote na watu wengi hawalifikirii.

Mbele ni habari nyingine kabisa, hasa kwenye van zinazovutwa na magurudumu ya mbele kama Fiat Ducato na ndugu zake Peugeot Boxer na Citroën Jumper. Ukiweka spesa juu ya shokapu ya mbele, umeusukuma mguu wote chini. Shafti zinazotoka kwenye gia boksi zinainama zaidi ya zilivyokusudiwa, jointi zinakula pembe kali kila mzunguko, mipira inayozifunika inachanika, grisi inarushwa ndani ya rimu, na mchanga unaingia. Na kama spesa imewekwa kwenye springi badala ya juu ya shokapu, gurudumu linapodondoka kwenye shimo halina tena nafasi ya kutosha ya kushuka, kwa hiyo shokapu inagonga mwisho wake. Utausikia mlio huo: tok, kavu, kila unapovuka tuta. Kwa maoni yangu milimita 30 mbele ndiyo mwisho kwa gari la aina hiyo kama hujabadilisha kitu kingine. Anayetaka sentimita 8 au 10 atafute gari lililoundwa kwa kimo hicho, au afunge mfumo mzima uliopimwa pamoja, asiunganishe vipande.

Baloni za hewa, zile zinazofungwa kusaidia springi za nyuma, nazo zina sifa kubwa kuliko zinavyostahili. Ni msaada mzuri wa kusawazisha nyuma, hilo sipingi, na kuweza kuongeza upepo upande mmoja ni raha kwa anayelala kwenye ardhi ya mteremko. Ila hazibadilishi namba ya kibati. Ekseli, breki na beringi hazijui kwamba umeweka baloni. Mtu anayejaza upepo ili kuficha kilo 200 za ziada anajificha mwenyewe.

Jambo moja dogo la gereji ambalo limeua bushi nyingi mpya, yaani zile raba za kwenye viungo. Bolti zinazopita kwenye bushi za mikono na springi zisikazwe gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia. Zishikizwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Ukizikaza juu, ile raba inabaki imejisokota muda wote gari linapotembea, na baada ya muda mfupi inachanika. Simama hapo uangalie. Fundi mzuri hataudhika. Yu-bolti zikazwe tena baada ya kilomita mia moja hivi, maana chuma hukaa. Mpangilio wa magurudumu upimwe gari likiwa na mzigo wa safari, kwa sababu gari tupu lina pembe nyingine. Taa zishushwe zisimpofue anayekuja. Na bima iarifiwe.

Wiki iliyopita nilirudi chini ya gari na chaki yangu. Tangi la maji machafu, lililohamishwa na kupandishwa: 30. Ekzosi: 25. Ngazi ya mlango: 25. Boriti ya ekseli, iliyokuwa 20, sasa ni 22, na hizo mbili ni za tairi peke yake. Paa nalo limepanda, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, mahali ninapoiona kabla ya kuingia chini ya daraja fupi au kituo cha mafuta, nimeifuta na kuiandika upya: mita 2.78.