Kidonda cha shangazi na mwani wa Kibuyuni

Shangazi yangu wa Majengo ana kisukari, na mwaka jana alipata kidonda kisiginoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungua bendeji. Shashi ilikuwa inakauka na kugandana na nyama. Namwagia maji ya chumvi, nasubiri, navuta ncha kidogo kidogo, na bado inang'oka na ile ngozi changa ya waridi iliyoanza tu kutambaa kutoka pembeni. "Taratibu mwanangu, waniua," husema, kashika ukingo wa kitanda.

Wengi bado twaamini kidonda sharti kikauke ndipo kipone. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwa nguruwe kwamba majeraha ya juu juu yakifunikwa yasikauke, huota ngozi mpya upesi karibu mara mbili ya yale yaliyoachwa yafanye kigaga.

Ndiyo maana naipigia debe haidrojeli. Aliyekula faluda ya Ramadhani ameshaiona jamaa yake: polima chache, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, zimefumana kama wavu, na maji mengi yamenaswa ndani yasimwagike. Utando wa namna hiyo hupoza kidonda, hubanduka bila kung'oa nyama, na mwingine hupenyeza macho, ukakiona kidonda bila kukifungua.

Kuutengeneza hakuhitaji miujiza. Polivinili alikoholi, polima ya viwandani, huyeyushwa kwa maji moto, ikamiminwa nyembamba kwenye sinia, ikagandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa; yashikana yenyewe bila dawa ya kuifunga. Kule Łódź, Poland, Janusz Rosiak na wenzake walitumia mnururisho: miale ile ile inayofuma polima huua vijidudu, pakiti ikiwa imeshafungwa. Mchanganyiko wao ulikuwa na agari, ambayo hutoka kwenye mwani.

Na mwani tunao. Kibuyuni, upande wa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, akina mama huufunga kwenye kamba, huuanika, kisha huuzwa mkavu kwa kilo. Ndani yake mna karajinani, polima inayoganda vizuri. Maganda ya kamba wa baharini yanayotupwa sokoni hutoa kitosani, polima nyingine. Naona uchungu mali hii kuondoka ghafi huku twafunga vidonda kwa shashi.

Sisemi mtu achemshe mwani nyumbani aubandike kidondani. Hapo ataingiza vijidudu. Wala haidrojeli haifai kidonda kinachotoa maji mengi, maana ngozi ya kando hulowa ikaharibika. Tena kuna joto letu: kaskazi ikivuma, utando usio na gliserini hukauka ukawa kama karatasi. Hilo ndilo ningependa maabara za vyuo vya Pwani zilishike, zipime utando kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, kwa miguu ivaayo kandambili.

Kidonda cha shangazi kimefunga. Lakini juzi nilipokuwa namfunga mjukuu wake goti, shangazi alisikia nikichana karatasi ya bendeji, na mkono wake ukaenda ukingoni mwa kitanda.