Upawa wa kuku na dengu wapi na wapi?

Jamani, nyie mnaokula bufe ya Kihindi mchana pale mjini Dar: kila sufuria ina upawa wake. Kwa nini uchote dengu kwa upawa uliotoka kwenye kuku, halafu uuache humohumo? Nyuma yako kuna mama wa Kihindu kasimama na sahani yake, nyama hali tangu azaliwe, anauona mchuzi mwekundu wa kuku ukielea juu ya dengu. Wapishi wametenga meza makusudi, nyama huku, mboga kule. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, ndio kabisa, hata kitunguu na viazi wengi wao hawagusi, sembuse kuku! Mama wa watu kaishia kula wali mweupe na achari, na bei kalipa ileile.

Halafu naan, ile mikate bapa ya Kihindi. Zikitoka tanurini tu, mtu mmoja anabeba sita, anatafuna mbili, nyingine zinakauka mezani kama ngozi ya ngoma. Sisi tunabaki kutazamana na kapu tupu, tunaambiwa "subiri kidogo, bosi". Na huyohuyo wa naan sita ndiye anayegomba kuwa zile tamutamu za gulab jamun zimeisha!