Nilitaka Kuondoa Mkwaruzo Tu

Kilichonitia matatani ni mkwaruzo usiozidi urefu wa kidole. Pikipiki haikuanguka, tangi halikubonyea, kutu haikuwepo. Ni mkwaruzo tu, ubavuni mwa tangi, upande wa kushoto, pale pale goti linapokaa. Nikiwa nimeipanda hauonekani. Nikishuka nauona mimi peke yangu, kwa sababu mimi peke yangu ndiye ninayeinama kuutafuta. Mwenye akili zake angeudondoshea rangi ya kucha akaenda zake. Mimi nikamtangazia mama watoto, "Hii kazi ya nusu siku. Asubuhi rangi, mchana klia, ile ya kung'aa isiyo na rangi inayopakwa juu, jioni tunatoka nayo."

Leo ni Jumamosi ya sita. Hatujatoka nayo.

Kwanza nieleweke: mafuta niliyamwaga, tangi nikalifungua, nikaliacha wazi nje mpaka mvuke ukaisha. Mimi mjinga, lakini si mjinga wa kulipuka. Ujinga wangu ulianzia kwenye msasa.

Hivi ni nani aliyepanga namba za msasa? Maisha yangu yote namba ikipanda mambo yanazidi ukali. Pilipili mbili zinawasha kuliko moja, deni la elfu linauma kuliko la mia. Kwenye msasa ni kinyume: namba kubwa ndiyo laini, namba ndogo ndiyo inayotafuna. Mimi nikachukua 80 kwa moyo safi kabisa, nikidhani ndiyo ya wanaoanza. Nikasugua ule mkwaruzo kwa huruma, mizunguko minne hivi. Nilipopangusa vumbi, mkwaruzo ulikuwa umepata wake, watoto, mashemeji na wajukuu, ukoo mzima umelala ubavuni mwa tangi, na katikati chuma kinanichungulia.

Ikabidi nirudi kuanza na 320 kuufuta ule ukoo, halafu praima, yaani rangi ya chini ya kushikia, halafu 600 ya maji. Ya maji maana yake unakaa na ndoo yenye sabuni kidogo, unachovya, unasugua, unapangusa, unatazama, unachovya tena. Watu wanakwambia wamepaka rangi pikipiki. Waongo. Wamepiga msasa siku mbili, wakapaka rangi dakika tano. Mpaka Jumamosi ile inakwisha, ncha za vidole vyangu zilikuwa laini hivi kwamba simu ilikataa kunitambua.

Jumamosi ya pili nikaingia kwenye rangi. Maandishi ya kopo yameandikwa kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa, nikamwita binti yangu mwenye macho mazima anisomee. Tikisa dakika mbili baada ya kusikia gololi. Shika sentimita 25. Puliza nyembamba, subiri dakika 10 hadi 15, puliza tena. "Baba, wamesema nyembamba," akarudia, kwa sauti ya mtu anayemfahamu baba yake.

Nyembamba yenyewe haifurahishi. Mpulizo wa kwanza ni kama tangi limepigiwa chafya. Doadoa tupu, praima inaonekana, moyo unakwambia hii haitoshi, ongeza. Nikaongeza. Ikapendeza! Ikang'aa, ikalowa, ikawa nyekundu kama nilivyoota. Nikarudi nyuma hatua mbili kuisifia, na mbele ya macho yangu tangi likaanza kulia. Chozi moja likashuka kutoka begani, likachukua mwenzake njiani, wakateremka pamoja mpaka ukingoni wakaning'inia. Nami nikafanya lile ambalo kila mtu hulifanya na hakuna anayekiri: nikalifuta kwa kidole.

Tuliache hilo.

Upande wa pili ukatoa vishimo. Vishimo vya duara, kila kimoja na katikati yake tupu, rangi imekimbia pembeni kama watoto waliomwona mwalimu. Mafundi wanaviita macho ya samaki, na chanzo chake huwa mafuta au silikoni iliyobaki juu ya chuma. Nikajitetea kwamba nilisafisha. Ni kweli nilisafisha. Lakini baada ya kusafisha nilikwenda kuing'arisha siti kwa dawa ya kupuliza, nikarudi na mikono ile ile nikalishika tangi kulihamishia kivulini. Tena nililishika kwa mapenzi, viganja vyote viwili. Macho ya samaki yalitokea kwa mpangilio wa vidole kumi. Polisi wangelihitaji lile tangi.

Habari ya mahali pa kufanyia kazi sitaisema sana. Nje kuna upepo na vumbi, ndani kuna mama watoto. Nilijaribu ndani mara moja. Harufu ilipofika chumbani sikuambiwa neno, niliona tu tangi liko nje, nami niko nje, na mlango umefungwa. Tangu siku hiyo madigadi ya mbele inaning'inia kwenye kamba ya nguo kwa henga, kati ya mashuka, na mashuka mawili tayari yana alama ambazo zina kesi yake ya peke yake.

Sasa klia.

Hapa ndipo ninapotaka kulia kwa sauti. Kuna imani imeenea, na mimi nilikuwa muumini wake, kwamba klia inasawazisha mambo. Rangi yako ina vinundu? Klia itafunika. Pana mstari wa msasa umebaki? Usijali, klia. Jamani, klia haifuniki! Klia ni kioo. Kile kilichokuwa kimejificha kwenye rangi kavu isiyong'aa, klia inakiwashia taa na kukiita mbele ya watu. Mistari ya ile 80, ambayo niliizika chini ya praima na rangi mara tatu, ilifufuka yote. Mpaka nikaona mahali nilipopumzikia kunywa maji.

Na wadudu! Tangi la rangi kavu lilikaa nje mchana kutwa, hakuna hata inzi aliyelitamani. Nilipopuliza klia, habari zikawafikia. Mmoja mdogo, mwenye mabawa kama uzi, akatua katikati kabisa pa juu, pale macho yanapofikia kwanza. Nikamwendea na kibano. Nikamtoa yeye, miguu ikabaki. Sita, nilihesabu. Zaidi ya hapo nilikuwa nimechelewa, jua limeshazama na unyevu umeshuka, klia ikashika ukungu mweupe kama kioo cha bafuni. Basi nikaingia kulala nikiwa na tangi lenye ukungu, miguu ya mdudu na alama za vidole. Mandhari kamili.

Jumamosi ya tatu nikaondoa yote hayo. Msasa, rangi, klia upya, safari hii asubuhi, nimelowesha na sakafu ili vumbi litulie. Na ikatoka vizuri, sisemi uongo. Nikaiacha wiki nzima ikauke bila kuigusa. Jumamosi ya nne nikafunga tangi juu ya pikipiki, nikatia petroli, mkono ukatetemeka kwa furaha, tone moja likadondoka kando ya mfuniko. Nikalifuta haraka kwa kitambaa. Kitambaa kikaja na klia. Na rangi. Kikaacha dirisha.

Ndipo nikaambiwa, na aliyeniambia alikuwa anacheka, kwamba klia za kopo ziko namna mbili. Ipo ya kawaida, inayokauka kwa hewa tu, na petroli ikiigusa wanakwenda pamoja kama marafiki wa zamani. Ipo yenye hadna, dawa ya kugandisha, hiyo inashikana yenyewe kwa yenyewe ikawa ngumu, na ndiyo ya tangi. Nikauliza kwa nini hakuniambia wiki nne zilizopita. Akasema sikuuliza.

Ya hadna ina masharti kama mganga. Ndani yake mna isosayaneti, dawa inayoharibu mapafu, kwa hiyo kile kitambaa cha kuzuia vumbi puani hakisaidii kitu. Nikatafuta barakoa yenye vichujio viwili vya mvuke, miwani ya kufunika macho yote, glavu, mikono mirefu, nikasimama nje kwenye hewa. Mtoto wangu wa mwisho aliponiona alikimbilia kwa mama yake. Jirani akachungulia juu ya ukuta akaniangalia kwa muda.

"Jirani, hao mbu wamezidi kiasi hicho?"

Nikamjibu, lakini kutoka ndani ya barakoa maneno yalitoka kama ya mtu aliye kisimani. Akatikisa kichwa kwa heshima, akatoweka, na nikasikia madirisha ya kwake yakifungwa moja baada ya jingine.

Chini ya kopo kuna kitufe. Ukikibonyeza, hadna inaingia kwenye klia, na tangu hapo saa inahesabu. Kopo langu liliandikwa saa 48, baada ya hapo linagandia humo humo. Mimi nilibonyeza kabla ya kukumbuka kwamba sijaondoa tepu ya karatasi iliyozunguka nembo. Nikaipuliza tepu na nembo pamoja. Mpulizo mwembamba, subira, mwembamba tena. Nilikuwa nimejifunza! Tangi likang'aa vizuri, ila lina ngozi ya chungwa kidogo, vile vinundunundu, upande mmoja, na tepu nilipoibandua kavu ikaondoka na kipande cha klia chenye umbo la ramani. Nitaisugua kwa 2000 na kuing'arisha. Nitafika tu.

Lakini tatizo lilikuwa kopo. Nusu imebaki na saa inakimbia. Kulitupa roho ilikataa. Kwa gharama ile, lingetupwa mimi nikiwa ndani. Basi nikaanza kuzunguka nyumba na barakoa usoni, nikitafuta kitu kinachohitaji klia. Kigoda nikakipiga. Kishikio cha mlango wa nyuma nikakipiga. Kibati cha namba ya nyumba kikapata mara mbili. Mwisho nikakutana na ufagio umeegemea ukuta, nikaupiga mpini mkono mmoja tu, huku natembea, bila msasa, bila kusafisha, bila kupima sentimita, hata sikusimama kuutazama.

Asubuhi mama watoto akaja na ule ufagio mkononi. Akauzungusha juani polepole. Hakuna chozi, ngozi ya chungwa haipo, vumbi halipo. Ule mpini ulikuwa kama umetoka kiwandani leo. Nikauona uso wangu ndani yake, wote, pamoja na alama ya barakoa.

"Baba watoto," akasema, "kumbe unaweza."

Ufagio sasa unakaa sebuleni, na mimi nimekatazwa kufagilia uani. Tangi liko chini ya shuka, moja ya yale mawili.