Sokwe hana mkia

Pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, kuna kijana anachora wanyama. Hakupita chuo chochote. Mkono wake uliivia kwenye mabango ya saluni na maboti ya Kibirizi. Siku ya kwanza kuingia kibandani kwake nilikuta simba, twiga na pundamilia, Serengeti nzima ukutani. Kwenye kona alikuwepo sokwe mmoja, ana mkia mrefu.

"Mdogo wangu, huyo nyani," nikamwambia.

"Kwani kaka, wewe sokwe umeshamwona?"

Nilinyamaza. Nimezaliwa Ujiji, Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, ni safari ya boti tu, na sikuwahi kutia mguu.

Yeye alikwenda. Aliporudi akaufunika ule mkia kwa rangi ya majani, kisha akaanza picha nyingine: mkono. Kiganja cheusi kimeshika bua la nyasi lililojaa mchwa, vidole vimekunjwa taratibu kama vya bibi anayetunga uzi kwenye sindano. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, aliliona jambo hilo, sokwe kuvua mchwa kwa bua, hukohuko Gombe mwaka 1960, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya, maana waliamini kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Kijana akanieleza pia kuwa mtoto wa sokwe ana uso mweupe-mweupe, weusi unakolea akikua. Rangi ya uso ule aliichanganya mara tatu ndipo akaridhika.

Picha ya namna hii isiishie hotelini kwa watalii. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji ambaye michoro ya Tingatinga ina jina lake, naye hakufundishwa na mtu, alianza kuchora mwaka 1968, mwaka uleule Gombe ilipofanywa hifadhi ya taifa. Alitumia rangi za baiskeli, na wanunuzi wake wengi walikuwa wazungu wa Oysterbay, Dar es Salaam. Sina ugomvi na mgeni, hela yake inalisha watu. Ila anayefyeka msitu si yeye, ni sisi. Gombe haifiki kilomita za mraba 60, na sokwe wengi wa nchi hii wanaishi nje ya hifadhi za taifa, kwenye miti tunayoigeuza mashamba na mkaa. Mkono ule nautaka darasani, kwenye ofisi ya kijiji, ubavuni mwa boti, aupite mtu kila asubuhi akienda shamba.

Jirani yangu anapaka boti lake upya mwezi ujao. Tumeshaongea: ubavu mmoja ni wa sokwe, na rangi nanunua mimi.