Nilivyoiua hadithi ya mkufu kwa sumaku

Walimu wenzangu wa fasihi, hii tabia ya kuingia darasani na kuanza na "mwandishi alizaliwa Ufaransa mwaka 1850" tuiache jamani. Saa saba mchana, joto la Tanga lile, mtoto katoka Ngamiani kwa miguu, unamwambia 1850, atalala tu na mi simlaumu. Mpe kitu mkononi kwanza. Ila kitu gani sasa, hapo ndo kwenye kazi, maana mimi nilishaharibu.

Ilikuwa ile hadithi fupi ya mkufu ya Guy de Maupassant, ya mwaka 1884 (kama hujaisoma samahani, mwisho nausema). Nikaazima mkufu wa dhahabu wa wifi yangu, nikanunua mwingine wa shaba sokoni elfu tano, nikaitandaza yote juu ya kanga nikawaambia haya, semeni upi orijino. Weee! Wengine wanapima uzito kiganjani, mmoja nusura aung'ate, mwingine akatoa mfukoni sumaku ya spika mbovu, sijui alikuwa nayo ya nini, akaipitisha na hakuna uliovutwa, maana shaba nayo haivutwi kama dhahabu tu, ubishi ukazidi. Mi najiona ticha wa mwaka. Tukaanza kusoma, Mathilde anafika tu kwa shoga ake kuazima mkufu wa kwendea kwenye sherehe, jamaa wa dawati la nyuma huyo: "Madam, si feki huo!" Basi. Mathilde anaupoteza, wananunua mwingine wa bei kali kumrudishia shoga, na ile miaka 10 ya kulipa madeni kwa ajili ya mkufu feki usiozidi faranga 500 waliisoma kama wanasoma risiti ya umeme. Shughuli nzuri, ila niliwapa mwisho wa hadithi mkononi kabla hawajaanza mwanzo.

Mwaka uliofuata sumaku nikaachana nayo. Kipindi dakika 40, nikachukua kumi tu. Kila mtu amwazime jirani yake kitu anachokipenda, basi. Kuazima huku kwetu hakuhitaji kufundishwa, harusi ngapi bibi harusi kidani cha mama mdogo, bangili za jirani, na kesho yake asubuhi watu washaanza kuulizana vitu vyao. Walivyoinama kuandika tarehe nikapita nikachukua saa moja ya mkononi na kalkuleta, kimyakimya, nikafungia kwenye droo.

Tukasoma. Mume karani wa Wizara ya Elimu (mwenzetu huyo), katoa faranga 400 alizoweka anunue bunduki ya kuwindia, zikaenda kwenye gauni la mkewe. Mkufu unapotea, wa kufanana nao faranga 36,000, yeye ana urithi wa 18,000, nyingine anakopa huku na huku kwa wenye riba. "Kausha damu hiyo!" mtu akasema, na sikuwa na haja ya kueleza neno.

Sasa pale mume anaporudi usiku kuusaka njiani, naona binti mmoja kaingia chini ya dawati anapapasa sakafuni. Hasemi kitu. Akatoka, jasho linamtiririka, akakaa, na tulipofika wanapeleka mkufu mpya bila kusema ukweli akaropoka kwa hasira kabisa, "Si angemwambia tu mwenyewe yaishe!"

Jirani yake akamgeukia. "We, saa yangu iko wapi?"