Gramu 100 za Nini?

Kwaresima iliyopita tuliamua nyumbani kwetu, hapa Moshi, kuacha nyama kwa siku zote 40. Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa hesabu katika familia, nilijitwika kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna atakayepungukiwa. Nilifungua Excel, nikaorodhesha karibu kila kinachouzwa soko la Mbuyuni, kuanzia maharage, choroko na kunde hadi ndizi mbichi, mchicha, mnafu na ufuta, kisha nikajaza protini, madini ya chuma na kalsiamu kutoka hifadhidata ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Jioni nilimwonyesha mama kwa majivuno kwamba maharage yana gramu 23 za protini katika kila gramu 100, na mchicha tatu hazifiki. Aliitazama kompyuta kidogo, akauliza: "Hayo maharage ni makavu au yaliyoiva, mwanangu?"

Yalikuwa makavu, na mchicha nilioupanga chini yake ulikuwa umechemshwa. Kesho yake nililoweka nusu kilo ya maharage, nikayachemsha hadi yakaiva, nikayachuja na kuyaweka kwenye mizani: kilo moja na robo. Protini ilikuwa bado imo humo, ila sasa imechangamana na maji, hivi kwamba gramu 100 za maharage yaliyoiva zinabaki na protini gramu tisa hivi. Tangu hapo nashikilia kwamba safu ya kwanza baada ya jina la chakula, kabla ya kirutubishi chochote, iwe ni hali yake: kibichi, kikavu au kilichopikwa. Jedwali lisilo na safu hiyo silisomi.

Wapo wanaoikwepa shida ya maji kwa kulinganisha vyakula kwa kalori badala ya uzito. Nilijaribu. Kwa kila kalori 100 mchicha unapata protini gramu 11 hivi na maharage takriban saba, na ghafla mchicha ukawa bingwa. Lakini kalori 100 za mchicha ni zaidi ya gramu 400 za majani mabichi, na sijamwona mtu akizimaliza kwa mlo mmoja. Ufuta nao unang'ara kwa kalsiamu, miligramu 975 kwa gramu 100, ilhali tunaokula ni kijiko kimoja chenye gramu tisa. Kwa hiyo niliongeza safu ya upawa, yaani kiasi kinachoingia kweli kwenye sahani yetu, na fomula zote nikazielekeza huko.

Mnafu ulinifundisha jambo jingine. Sikuupata kwa jina lolote nililolijua, nikaandika sifuri ili jedwali lisiwe na mapengo, na wastani wa mboga zote za majani ukashuka. Excel huiruka seli tupu inapotafuta wastani, lakini sifuri huihesabu. Sifuri za vitamini B12 kwenye mboga na nafaka ni za haki, kwa sababu mimea haiitengenezi. Sifuri ya mnafu ilikuwa uzembe wangu. Kwa kweli nilipaswa kuanza na jedwali la vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, badala ya kukimbilia la Wamarekani.

Hata hivyo, kipo kitu ambacho hakuna jedwali kati ya hayo linalokionyesha vizuri, nacho ni kiasi ambacho mwili unakipokea. Mchicha mbichi una miligramu 215 za kalsiamu kwa gramu 100, karibu mara mbili ya maziwa, lakini oksalati, kemikali za asili zilizomo kwenye majani hayo, huishikilia sehemu kubwa isifyonzwe. Chuma cha maharage hupokelewa vizuri zaidi pakiwa na vitamini C, na chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Sina fomula ya hayo, kwa hiyo nimeweka safu ya mwisho ya maneno matupu. Kwenye mstari wa kiburu, ile ndizi yetu na maharage, nimeandika "kachumbari yenye limau, chai baada ya saa moja". Mama amekubali limau. Chai bado anainywa na kiburu chake.