Usiulize tanga lina ukubwa gani, uliza linauvuta mlingoti wapi

Mabaharia wakibishana kuhusu tanga la kununua, husikii ila ukubwa na mwendo. Mlingoti hautajwi. Mimi ningeanzia hapo hapo, maana tanga ni miongoni mwa vitu vinavyoushikilia mlingoti, na ndilo hilo hilo linaloweza kuuvunja.

Ukubwa una uzito wake, sikatai. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo wake: ukitoka noti 10 (maili za baharini kwa saa) ukafika 20, tanga lile lile linabeba mzigo mara nne. Chombo chenye mkuku, ule uti mzito wa chini, hujiokoa kwa kulala upande na kumwaga upepo. Katamarani, chombo cha maganda mawili, hailali, hivyo mzigo huishia kwenye mlingoti na nyaya zinazoushikilia, na nahodha wake lazima apunguze tanga kwa kusoma kipimo cha upepo.

Kinachonisumbua zaidi ni ile imani kwamba tanga dogo ni salama siku zote. Ukilipunguza tanga kuu, kichwa chake hushuka, na pale kinapovuta sasa huenda pasiwe na waya wowote. Kama tanga la mbele nalo liko kwenye waya wa ndani, ule wa mbele unaofungwa chini ya kilele, katikati ya mlingoti panavutwa mbele, na mawimbi yakianza kupiga, mlingoti unapinda na kunyooka bila kukoma. Nyaya za pembeni za nyuma, zile za kukazwa na kulegezwa, zipo kwa ajili hiyo. Wengi huziona usumbufu tu.

Spinaka ya kileleni, lile tanga kubwa jepesi la mbele la kufuata upepo, ni hatari zaidi, hasa kwenye chombo kisicho na waya wa nyuma. Tanga kuu likiwa kamili na demani, kamba ya kulivuta tanga, imekazwa, ukingo wake wa nyuma hukirudisha kilele. Lipunguze, na spinaka inabaki ikikivuta mbele bila mpinzani.

Kitambaa nacho kina neno. Poliesta hunyumbuka ikameza sehemu ya pigo la upepo wa ghafla. Nyuzi za kaboni hulipeleka pigo lote kwenye mlingoti. Kuvisha tanga la namna hiyo chombo cha zamani bila kukagua nyaya ni kosa.

Na henza, kamba ya kupandishia tanga, isisahaulike. Ikivuta kilo 300 na kushuka ndani ya mlingoti, mlingoti unakandamizwa kwa kilo 600 hivi. Weka kapi kwenye kichwa cha tanga, henza ipite humo na kufungwa kileleni, mzigo unashuka hadi 450. Ningelipia kapi hiyo kabla ya kitambaa chochote cha kifahari.